Karamu ya Kumuaga Mista Ernest

Mwaka 1981, ukimuuliza mtu yeyote wa Ibra, mji wa bara nyuma ya Maskati, nyumba ya Mwingereza iko wapi, alikuelekeza kwa Amur bin Khalaf. Nyumba ilikuwa ya Amur, kaijenga kwa jasho lake tangu aliporudi kutoka Unguja, ikiwa mtu anaweza kurudi mahali ambapo hakuwahi kufika. Lakini katika chumba cha uani, chenye mlango wa buluu na feni ya kelele, alikaa Mista Ernest Wadlow, kocha wa Klabu ya Najmi, na jina la mgeni likalimeza la mwenyeji. Amur hakuona vibaya. Kusema kweli aliona fahari, na kila alipopata nafasi ya kumtaja "mgeni wangu" aliitumia, hata mahali pasipohusika, kama kwa daktari wa meno.

Kwa sababu Amur alimjua mtu huyu kabla klabu nzima haijamjua. Mwaka 1953, alipokuwa winga wa miaka kumi na tisa akicheza Mnazi Mmoja, binamu yake aliyefanya kazi melini alimletea gazeti la mpira kutoka Uingereza. Ndani mlikuwa na picha ya beki wa kati, kipande cha mtu, nywele zimelazwa kwa mafuta, bukta inafika magotini, mikono imekunjwa kifuani kana kwamba anamngoja mtu athubutu kupita. Chini imeandikwa Wadlow. Amur aliikata picha akaibandika juu ya kitanda chake, kwao mtaa wa Malindi, Unguja, na hapo ilikaa hata ikageuka rangi ya chai.

Basi fikiria siku klabu ilipomtuma kiwanja cha ndege cha Seeb kumpokea kocha, kwa kuwa yeye ndiye mwenye Kiingereza. Akatoka mzee mwenye upara, anachechemea goti la kulia, begi limefungwa kwa kamba. Amur akasoma jina kwenye lebo ya begi, akalisoma tena.

"Wewe ndiye Wadlow? Yule beki?"

"Nilikuwa," alisema mzee. "Huyu ni kaka yake mkubwa."

Kwa miaka miwili baada ya hapo walikaa uani kila jioni baada ya kuswaliwa isha, mmoja na kahawa, mwingine na chai ya maziwa. Mista Ernest alisimulia gozi la zamani lenye kamba, likilowa mvua unalipiga kichwa ukasahau jina la mkeo. Alisimulia jinsi alivyokuwa akipanda basi moja na watazamaji kwenda uwanjani, viatu vimo mkobani, na kondakta akimkemea kwa mechi ya wiki iliyopita huku akimkatia tiketi. Kisha goti, kisha ukocha wa vitimu vya miji ya makaa ya mawe. Amur naye alimjibu kwa Mnazi Mmoja: beni ikipigwa kabla ya mechi, vijana wamepiga pasi bukta, wazee wenye miavuli wakitukana kwa adabu. Kila mmoja alikuwa na mji wake usiorudika, na walipendana kwa hilo.

Ukalimani Amur aliufanya bure, baada ya saa za kazi, kwani mchana alikuwa karani serikalini. Mista Ernest alifoka kwa Kiingereza, Amur akayageuza maneno kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana waliotoka Unguja na Pemba. Katika kugeuza aliyaosha kidogo. Mista Ernest akisema golikipa hafai hata kulinda mlango wa banda la kuku, Amur alisema, "Kocha anakuomba uongeze bidii kidogo." Hakuna aliyedhurika, na golikipa aliongeza bidii.

*

Mambo yaliharibika walipokwenda kucheza Sur, mji wa pwani. Turki, mshambuliaji wao hodari, ambaye baba yake alitoka Unguja, alichelewa mazoezini mara tatu, na Mista Ernest akamweka benchi dakika zote tisini. Wakafungwa manne bila.

Jumamosi mwenyekiti wa klabu, Sheikh Marhoun, mwenye duka la saruji, aliwaita wakubwa wa klabu kwenye majlisi yake, ukumbi wa kupokelea wageni. Alikuwa mzaliwa wa papo hapo Ibra, hajui Kiswahili, mtu wa moyo mzuri na hasira fupi. Alingoja kahawa izunguke, ndipo akasema.

"Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu wa Mei. Hatutauandika tena."

"Ni kwa sababu ya Turki, sheikh?" aliuliza Amur.

"Turki ni mtoto wa dada yangu, na alistahili benchi, nami nimemwambia. Hii ni kwa sababu ya manne. Manne, Amur! Nina binamu wanne Sur, na wote wanne wamenipigia simu, kila mmoja kwa bao lake."

Wengine walitazama mazulia. Amur alitikisa kikombe chake kuashiria ametosheka.

"Na kocha mpya?"

"Kocha tunaye. Wewe. Umecheza, unaijua lugha yetu na yao, na vijana wanakuheshimu. Miaka miwili sisi tunakusikia wewe, hatumsikii yeye."

Moyo wa Amur uliruka kwa furaha kabla hajawahi kuuzuia, na hilo ndilo alilojilaumu nalo baadaye kuliko yote. Alikuwa ameitamani kazi hiyo tangu siku alipovua njumu zake. Lakini alisema, "Basi mwandikieni barua, ajue mapema."

"Barua?" Marhoun aliweka kikombe chini. "Mtu amekula nasi sinia moja miaka miwili, leo tumpe barua kama karani aliyeiba stempu? Aibu. Sisi tutamfanyia karamu. Tutafukia shuwa, nyama ya shimoni, tutaita mji mzima, tumvishe khanjari, jambia la fedha. Mtu mzima akikirimiwa hivyo mwisho wa mkataba, anaelewa. Lakini mnong'oneze wewe kabla ya Alhamisi, kwa upole, asishtuke."

"Inshallah," alisema Amur, na aliyemjua angeisikia jinsi inshallah ile ilivyokuwa nyonge.

*

Nyumbani alimkuta mama yake, Bi Hamda, anachagua mchele, na mkewe Shukriya anapiga pasi. Akawaambia, sauti chini, huku akitupia jicho mlango wa buluu.

Bi Hamda aliacha mchele. Alikuwa na miaka sabini, Mmalindi asiyebadilika, na Mista Ernest alikuwa mwanafunzi wake. Kila asubuhi alimfundisha Kiswahili, naye alikichukua kwa bidii isiyobagua: aliwaamkia shikamoo wazee, watu wa rika lake, watoto wa jirani, na siku moja mbuzi.

"Haambiwi," alisema Bi Hamda.

"Mama, mkataba ndio ushakwisha."

"Haambiwi kwangu. Mgeni chini ya paa langu haambiwi ondoka. Mwenyewe akisema naondoka, huambiwa mbona haraka. Hayo ndiyo niliyoyakuta na ndiyo nitakayoyaacha."

"Lakini mama," alisema Shukriya, "anayemuondosha si sisi, ni klabu."

"Klabu ina paa? Paa langu."

Baadaye Shukriya alimfuata mumewe chumbani. "Mwambie leo, bwana. Kesho litakuwa zito zaidi."

"Nitamwambia."

"Na ile ya pili umwambie vilevile."

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto mdogo, Amur. Tangu umeingia una furaha umeificha mdomoni kama mtu ana kashata. Wamekupa wewe, sio?"

Amur alikaa kitandani. Shukriya hakumcheka wala hakumpongeza, akarudi kwenye pasi yake.

Jumapili hakumwambia, maana Mista Ernest alikuwa anaumwa kichwa. Jumatatu walikuwapo wageni. Jumanne alimchukua hadi Bidbid kupokea nyavu mpya za magoli zilizoletwa kutoka Maskati, na njia nzima alikariri moyoni: Mista Ernest, kuna jambo. Mista Ernest, wewe unajua mpira ulivyo. Kwenye njia panda walisimama mkahawani, wakaagiza chai na mishkaki. Akafungua mdomo.

"Tazama," alisema Mista Ernest, akipanga vijiti vya meno mezani. "Huyu ni Turki. Mwaka ujao simuweki katikati, namtoa pembeni kulia, ana mbio. Benchi limemfaa, hii wiki amekuja kabla yangu. Ni mtoto mzuri." Alisogeza kijiti kingine. "Unajua, Amur, kila nilipofanya kazi nilikuwa nikihesabu siku. Hapa nimesahau kuhesabu. Mama yako kanizeesha vizuri."

Amur akamlipia chai. Jumatano yeye mwenyewe alijitia mafua.

*

Alhamisi mchana uwanja wa nyumba ya Marhoun ulijaa. Nyama ilifukuliwa shimoni ilipokuwa imelala tangu jana yake, ikawekwa juu ya masinia ya wali, harufu yake ikafika barabarani. Walikuja wachezaji wote, wazee wa mitaa, walimu wa Kurani, na hata watu ambao mpira waliuchukia. Wote walijua ni kumuaga, ila mmoja.

Huyo mmoja alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyombana. Marhoun alisimama, akamfunga kiunoni mkanda wenye khanjari ya fedha, akambusu bega. Watu wakapiga makofi. Mista Ernest aliishika ile khanjari kwa mikono miwili, masikio yamekuwa mekundu. Kwao, kocha asiyetakiwa halishwi mbuzi wala hapewi fedha kiunoni. Yeye alielewa kama ambavyo mtu wa kwao yeyote angeelewa: kwamba amesamehewa yale manne ya Sur, na kwamba anatakiwa abaki.

Akaomba kusema. Amur akasimama kando yake kama kawaida.

"Rafiki zangu," alisema Mista Ernest kwa Kiingereza, "sijawahi kuheshimiwa hivi kwa kufungwa manne. Basi nawaahidi. Agosti tunaanza mazoezi ya msimu mpya, alfajiri, kabla ya jua. Nataka mabeki wawili wapya. Turki atacheza kulia. Na Sur tutawafunga kwao, mbele ya mama zao. Nipeni mwaka mmoja tu na hamtajuta."

Akanyamaza, akamgeukia mkalimani wake.

Watu mia walikuwa wanamtazama Amur. Akisema kweli, wote watajua kuwa mzee huyu hakuambiwa kitu, anasimama pale na suti yake ya kubana akipanga mwaka ambao si wake. Wengine watacheka, vijana hawatajizuia. Wengine watamuuliza Amur wiki nzima alikuwa wapi. Ni lipi kati ya hayo lililomsukuma zaidi, yeye mwenyewe hakuwahi kujua kwa yakini.

"Kocha anasema," alianza kwa Kiarabu, na sauti ikamtoka nzuri kuliko alivyotazamia, "alikuja hapa mgeni na anaondoka ndugu. Anasema katika miji yote aliyofanya kazi hakuna uliomlisha kama huu. Anaomba mumsamehe alipowakaripia, kwani alikaripia kama baba. Anasema goti lake linarudi Uingereza, lakini yeye mwenyewe atabaki katika kiwanja chetu cha changarawe." Kisha akasema vilevile kwa Kiswahili, akaongeza na maneno ya kuwaombea dua.

Mzee mmoja alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Golikipa alilia waziwazi. Wachezaji wakaja mmoja mmoja kumbusu Mista Ernest kichwani, naye akawapiga mabega akicheka.

"Nimewaambia Agosti alfajiri wakalia," alimnong'oneza Amur. "Hawa wavivu hawa."

*

Jumamosi saa kumi alasiri Shukriya alimwamsha mumewe usingizini kwa kumvuta mguu.

"Mgeni wako katoka. Na filimbi shingoni, na wavu wa mipira begani. Kaenda uwanjani, Amur. Nani yuko huko?"

Hakukuwa na mtu huko, maana baada ya karamu klabu ilikuwa imeshafunga mazoezi mpaka Agosti, na kila mchezaji alijua ila kocha, aliyedhani yanaendelea mpaka mwisho wa Mei. Amur aliendesha pikapu bila hata kuvaa kofia. Alikuta mawe yaliyopakwa chokaa yamepangwa mstari, mipira tisa imewekwa tayari, na Mista Ernest anatazama saa. Kijana mmoja tu alikuwa anazunguka mawe kwa mbio. Alikuwa Turki, amepita njia akamwona mzee yuko peke yake, moyo ukamshinda.

Turki alikuja kwa Amur akihema. "Ami, hajui?" alisema kwa Kiswahili. "Ananiuliza wenzangu wako wapi. Mi nimemwambia wanakuja. Siwezi ami, mwambie wewe."

Basi Amur akamwambia. Alimwambia pale pale juani, bila kuosha neno, kwa kuwa hakuwa na maji tena ya kuoshea. Mkataba, majlisi, karamu. Mista Ernest alimsikiliza huku mkono mmoja umeishika filimbi.

"Alhamisi ile ilikuwa kuniaga."

"Ndiyo."

"Na khanjari."

"Ndiyo."

"Lakini niliwaambia Agosti. Niliwaambia mabeki wawili." Kisha akamtazama vizuri. "Uliwaambia nini, Amur?"

Amur akamwambia na hilo, neno kwa neno, macho yako kwenye changarawe.

"Nilisema vizuri," alisema Mista Ernest.

"Wazee walilia."

"Niliwaona." Aliinama kwa taabu, akaanza kuitia mipira wavuni mmoja mmoja. Turki alitaka kumsaidia, akamzuia kwa kiganja. "Nimefukuzwa kazi mara nne. Mara moja nilisoma gazetini, kwenye kituo cha basi. Mara nyingine ufunguo wangu uligoma mlangoni, nikafikiri kitasa kimeharibika, nikaomba radhi kwa yule fundi aliyekibadilisha. Hakuna aliyewahi kunipa chakula. Sijui kama hili lenu ni bora au baya zaidi. Nani anachukua timu?"

Turki hakujua Kiingereza, lakini sura zao zilimtosha kuelewa. Akageuka akatazama mitende.

"Mimi," alisema Amur.

Mista Ernest alifunga mdomo wa wavu, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Ningekuambia uichukue," alisema. "Kama ungeniuliza ningekuambia uichukue, wewe ndiye mwenye haki. Kunifukuza ni kazi yenu, mimi nimezoea. Lakini ulichukua na maneno yangu, Amur. Yale yalikuwa yangu. Ningependa kuaga mwenyewe."

Alikataa pikapu. Alitembea kurudi nyumbani, mipira begani, na Amur aliendesha nyuma yake polepole kama mtu anayesindikiza jeneza.

*

Siku mbili chakula kilifika mlango wa buluu kikarudi. Mista Ernest alishukuru kwa adabu, akasema tumbo. Bi Hamda alipika biriani, ikarudi. Akapika mkate wa kumimina alioupenda, ukarudi umemegwa pembe tu, kwa heshima. Katika nyumba ile mgeni kutokula lilikuwa jambo la kutangazia majirani, na Bi Hamda alizunguka uani akiongea peke yake. Siku ya pili alikaa nje ya mlango wa buluu.

"Anesti, mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hapana, Bi Hamda. Wewe hapana," ilijibu sauti.

Akarudi jikoni, kanga imefunika uso. "Nilisema haambiwi kwa kumstahi," alimwambia Shukriya. "Nimemstahi mpaka nimemvua nguo." Ndiyo siku pekee ambayo Shukriya alimwona mama mkwe wake akikiri kosa, na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi.

Alasiri ile Amur alikwenda dukani kwa Marhoun, kati ya mifuko ya saruji.

"Sheikh, niitie watu uwanjani kesho. Wachezaji na wazee. Mzee anataka kuaga."

"Ameshaaga! Mimi mwenyewe nililia. Mtu haagwi mara mbili, watu watasema tunamchunguza kama ameondoka kweli."

"Hakuaga. Niliyeaga ni mimi." Na Amur akamweleza.

Marhoun alisikiliza, uso ukibadilika rangi. Alikuwa mtu mwenye kujua thamani ya jina mjini. "Unajua utawaambia nini? Kwamba wazee walilia kwa uongo wako? Na hao ndio vijana utakaowafundisha kuanzia Agosti?"

"Najua."

"Watakucheka, Amur. Klabu haiwezi kuwa na kocha wa kuchekwa. Huenda nikalazimika kutafuta mwingine."

"Tafuta," alisema Amur, na safari hii hakuongeza inshallah.

*

Walikuja, si wote, lakini walijaza kivuli cha ukuta. Mista Ernest aliletwa na Bi Hamda, ambaye hakuwahi kufika uwanjani maisha yake yote. Bi Hamda alikaa ndani ya pikapu na Shukriya, kioo kimeteremshwa.

Amur alisimama mbele akawaambia. Hakuwa na ufasaha siku hiyo. Alisema kwa Kiarabu kwamba maneno ya Alhamisi yalikuwa yake, kwamba kocha hakuwa akijua kama anaagwa, na kwamba yeye ndiye aliyepewa kumwambia akaogopa siku tano. Alisema tena kwa Kiswahili. Kijana mmoja alicheka puani. Yule mzee aliyefuta macho kwa kilemba alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akaondoka zake bila kuaga. Hilo lilimuuma Amur miaka mingi, kwani mzee yule alifariki kabla hawajapatana.

Kisha akarudi nyuma, akakaa chini na wachezaji.

Mista Ernest alikuja mbele. Alimtafuta Amur kando yake, kwa mazoea, akaona hayupo. Akakohoa.

"Shikamoo nyote," alisema kwa Kiswahili.

Wakacheka, hata watoto wadogo waliomjibu marahaba kwa sauti moja.

"Mimi naondoka. Mimi sitaki ondoka." Alitafuta neno, hakulipata, akachukua la Kiarabu la kusema yamekwisha. "Khalas. Mpira hivyo. Leo uko, kesho huko." Hapo Kiswahili cha Bi Hamda kikamwishia, maana Bi Hamda alimfundisha maneno ya chai na hali za watu, hakumfundisha ya kuondoka. Akatia mkono mfukoni, akatoa daftari lake, akalifungua ukurasa ulioandikwa kwa msimu ujao, akaanza kusoma majina. Alianza na golikipa. Alilisoma kila jina vibaya kama alivyolisoma miaka miwili, na kila aliyetajwa alisimama akasema naam. Mabeki. Viungo. Palikuwa na nafasi mbili tupu za mabeki wapya, akaonyesha kwa vidole viwili na kutikisa kichwa, wakacheka tena. "Turki," alisema, "kulia," na Turki alisimama akabaki amesimama.

Haikuwa hotuba nzuri. Ukiipima na ile ya Alhamisi ilikuwa kama mkate mkavu mbele ya halua. Hakuna mzee aliyelia.

Alipomaliza majina alilifunga daftari, akaja kwa kuchechemea mpaka alipokaa Amur, akamwekea mapajani. Akafikiri kidogo namna ya kulisema.

"Wako hawa," alisema kwa Kiswahili. "Usiwadanganye."

Sheikh Marhoun, aliyekuwa amesimama ukutani mikono nyuma, hakufahamu. Akainama mbele.

"Amesema nini?" aliuliza kwa Kiarabu. "Amur, amesema nini?"

Watu wote wakamgeukia mkalimani. Amur alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakikutoka kitu. Machozi yalimteremka ndevuni mbele ya timu nzima, naye hakuyazuia. Ikabidi Turki amtafsirie mjomba wake.